Bibi Aliyefia Bombei

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Sisemi kwa kujisifu, ingawa nikijisifu pia haki ninayo. Skuli niliacha darasa la nne. Nimeuza mikate ya boflo kichwani sokoni Konde, nimebeba magunia ya karafuu mpaka bega likaota sugu, na leo duka la vifaa vya ujenzi kubwa kuliko yote hapo Konde ni langu, ukisimama mlangoni ukuta wa nyuma huuoni. Nimeona tajiri akiomba maji ya kunywa. Nimeona mtu aliyenicheka kwa viraka vyangu akija kuniomba saruji kwa mkopo, na nikampa. Mtu aliyeona hayo, yakhe, umshangaze kwa lipi?

Basi sikiliza habari ya bibi yangu, mzaa mama, aliyewekewa matanga Gando naye yu hai anakula wali Bombei.

Bibi alizaliwa Gando, huku huku Pemba, mtoto wa mkulima wa mihogo na mikarafuu michache. Alipokuwa msichana mdogo, kabla hajavunja ungo, Mhindi mmoja mnunuzi wa karafuu wa Wete alimchukua awe yaya wa watoto wake. Yule Mhindi aliporudi kwao Bombei akarudi na yaya. Wazee wakapewa kitambaa na ahadi. Na nyumba ile ya Bombei ilikuwa na shemeji mtu aliyewashonea nguo watu wa sinema, siku zile za picha zisizo na sauti. Watu wa sinema walikuwa na shida moja kubwa: wanawake wa heshima hawataki kusimama mbele ya mashine. Shemeji mtu akasema, nyumbani tuna yaya, haogopi kitu. Wakamwita, wakampaka poda ya mchele uso mzima, wakamsimamisha juani. Hivyo ndivyo alivyoanza.

Alituhadithia mwenyewe, mimi na wenzangu, tukiwa watoto. Alisema kazi ilifanywa jua likiwa kali tu, kwenye ua ulioezekwa shuka nyeupe, na watu wawili wakishika vioo vikubwa wakimrushia jua machoni. Ndiyo maana mpaka uzeeni macho yake yalikuwa yakitoa machozi bila ya kilio. Bwana mkubwa wa picha alikuwa na baragumu la bati. Anapiga kelele, lia, geuka, ogopa, naye analia, anageuka, anaogopa. Kwanza alikuwa kijakazi anayeshika sinia. Kisha akawa jini wa kike, kwa kuwa alikuwa akijua kukodoa macho. Mwisho akawa mke wa mfalme, na picha yake ikabandikwa kwenye kuta za mji, na jina wakampa jengine la Kihindi ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilicheka.

"Na ulikuwa ukisema nini bibi, na Kihindi chenyewe hukijui vyema?" tulikuwa tukimuuliza.

"Nikisema cha kwetu. Waliniambia midomo icheze tu. Yule mfalme wao alikuwa akinuka kitunguu, basi mimi namtazama kwa mapenzi, huku namwambia, ondoka hapa, mdomo wako kama jaa la dagaa."

Tulikuwa tukicheka mpaka tunalala chini. Halafu tunamwomba tulilolijia. Bibi, kufa basi. Naye anafunga kanga yake vizuri, anasimama katikati ya ukumbi, anashika ubavu kama aliyechomwa, macho yanatoka, magoti yanalegea, anashuka kama shuka inayoanguka kwenye kamba. Na akishafika chini hapumui. Tunangoja. Nzi anatua mdomoni. Tunangoja, mwenzetu mmoja anaanza kulia, ndipo anapofumbua jicho moja.

Sasa, matanga. Kijana mmoja wa Gando alipata kazi ya kutia makaa kwenye meli, na safari yake ya kwanza ikampeleka Bombei. Siku moja alimpoteza mwenzake mjini, akamtafuta, akaingia kwenye hema kubwa la turubai lenye watu wengi wamekaa gizani. Alipoinua macho akamuona msichana wa kwao, jirani yake aliyecheza naye. Amesimama kando ya kisima, mkubwa kuliko mtu. Akaja mtu na upanga akamchoma ubavuni, akaanguka akafa. Na watu wote wale, alisema, wamekaa kimya wanatazama, na mmoja anapiga kinanda, na hapana aliyenyanyuka kumsaidia. Kijana wa watu akatoka mbio. Alikuwa hajapata kuona sinema wala kuisikia habari yake.

Aliporudi Gando akasema, fulani kafa, kauawa kwa upanga, nimemuona kwa macho yangu. Wazee walikuwa na wasiwasi, maana maiti haiko na kaburi haliko. Wakamtaka ashike msahafu. Akaushika, akaapa. Nani atamkatalia? Na wala hakusema uongo. Matanga yakawekwa, hitma ikasomwa, watu wakala wali, na baba yake alipofariki, sehemu ya bibi katika mikarafuu ikagaiwa ndugu zake.

Miaka ikapita, picha zikaanza kusema. Watu wa Bombei wakataka waigizaji wenye Kihindi kilichonyooka na sauti ya kuimba. Bibi alipofungua mdomo mbele ya mashine mpya, wakasikia Pemba. Wakamweka kwenye kushona nguo za wengine, kisha hata hilo likaisha. Akapanda meli akarudi kwao, mwanamke mzima, anatembea kwa miguu kutoka Wete na begi lake kichwani, anaita hodi kwa mama yake.

Mama yake alizimia. Ndugu zake walisimama mbali. Na yule baharia alipoitwa akamtazama kwa muda mrefu, akasema, mimi nimeapa. Huyu simjui ni kitu gani.

Basi ikawa hivyo. Hawakumfukuza, maana walimwogopa. Akaolewa na mtu wa bara aliyekuja kuchuma karafuu, babu yangu huyo, kwa sababu yeye hakuwa na habari ya matanga na hakujali. Akamzaa mama. Na mama akakua akiitwa mtoto wa maiti. Watoto wenzake walikuwa wakimgusa mkono waone kama una joto. Bibi akisema nilikuwa sinema, watu wanasema mzuka una maneno mengi.

Alipokufa kweli mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka. Alikuwa amelala jamvini baada ya sala ya adhuhuri. Mama alimwita asiitike, akamtikisa, kisha akakaa kando yake akangoja. Hata mama, mtu mzima, alingoja. Sote tulikaa tukimtazama jicho, mpaka mama akanyoosha mkono akamgusa mguu, akautoa mkono haraka. Wanaume wanne tu ndio waliombeba, na wote walikuwa wa upande wa babu yangu. Waliobaki walisema yule alishasomewa zamani, hasomewi mtu mara mbili, na huyu hatujui ni nani. Baharia alikuwa mzee siku hizo. Alisimama mlangoni kwake jeneza likipita, wala hakutoka.

Hayo yalimkaa mama kifuani maisha yake yote. Mwaka juzi alipoanza kudhoofika nilimhamishia kwangu Konde, nikamwekea kitanda cha kuinuka na kushuka, feni na msichana wa kumhudumia. Nikamwambia Bi Mkubwa, sema unachotaka, mwanao anacho. Nikidhani atasema Makka.

"Ntaka mama asomewe hitma," akasema. "Gando, msikiti ule ule. Na mtoto wa baharia akae safu ya mbele amuombee kwa jina lake."

Nikamwambia hilo jepesi, nitachinja ng'ombe hapa Konde, nilete masheikh kutoka Chake mpaka misikiti ya huko ibaki mitupu. Akageuza uso ukutani. Konde hakutaka. Wala mikarafuu hakuitaka. Alitaka wale waliomkataa mama yake waseme ni yeye, kabla yeye mwenyewe hajafa.

Nikaenda Gando. Mtoto wa baharia ni mzee kama mama, mtu wa msikitini, hana mengi. Nilimkuta akishona wavu. Nikamwamkia, nikamwekea mfuko wa mchele na sukari, nikatoa haja yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe mwanangu una pesa, mashaallah," akasema. "Lakini baba yangu hakuapa uongo. Nikikaa kumsomea huyo wenu nimesema baba kala yamini ya uongo, naye yuko kaburini hana mdomo. Siwezi kumsomea nisiyemjua."

"Na nikikuletea ukamuona?"

"Umlete kutoka wapi?"

Nikamwambia mimi kitu nikikitaka huletwa. Akatikisa kichwa, akaendelea na wavu wake. Na mchele akaurudisha.

Mimi huenda India mara moja moja kufuata pampu za maji na spea za mashine za kusaga. Wakala wangu wa huko ni Mhindi aliyezaliwa Wete, Kiswahili anakisema kuliko wewe. Nikamwambia, hii safari pampu baadaye, nitafutie picha ya kimya yenye kisima, na mke wa mfalme anayechomwa upanga. Akacheka. Akasema picha za zamani zile zote zimeungua au zimeoza, au zimeyeyushwa kutolewa madini ya fedha yaliyomo ndani yake. Nikamwambia nimekuuliza kama zimeoza? Tafuta.

Sitaki kurefusha. Safari ile hakupata kitu. Safari iliyofuata alinipeleka kwa mzee mmoja anayekaa juu ghorofani, chumba kimejaa makopo ya biskuti, na ndani ya makopo vipande vya picha. Chumba kilikuwa na harufu chungu, kama rangi ya zamani na viatu vilivyolowa. Mzee yule hakujua majina ya waigizaji, wala nani kafanya picha ipi. Vipande vingi havikuwa na kichwa wala mkia. Lakini visima, akasema, vipo viwili vitatu.

Akafunga madirisha, akaweka kipande cha kwanza kwenye mashine yake. Kisima kipo, mwanamke siye. Cha pili hakikuwa kitu, ukungu mtupu. Cha tatu akaja mwanamke mweupe wa poda, nguo zinametameta, akasimama kando ya kisima. Sikumjua. Nilimjua bibi akiwa kikongwe, na huyu msichana. Kisha akageuza kichwa, nikaliona sikio. Wahindi hawatoboi vile. Ndewe kubwa ya mwanamke wa Pemba, tundu la kuvalia majasi, zile hereni nene, na ya kushoto imechanika mpaka chini, kama ya bibi, aliyevutwa jasi na nduguye wakiwa watoto. Walimficha ngozi kwa poda, walimpa jina na taji, sikio wakalisahau.

 Yule wa upanga akaja. Bibi akashika ubavu, macho yakatoka, magoti yakalegea. Akashuka kama shuka kwenye kamba. Nilikuwa nimekiona kifo hicho mara nyingi ukumbini kwetu Gando, pamoja na nzi wake. Alikuwa kalala chini sasa, na picha ukutani inatetemeka.

Mzee akanyoosha mkono kuzima. Wakala akanifasiria: kwisha, kilichobaki ni takataka, mkia wa kipande, wenyewe hukikata.

Mimi ni mfanyabiashara. Nikinunua rola ya waya naivuta mpaka mwisho, maana ubovu hufichwa ndani. Nikasema naulipia mzigo wote, naangalia mzigo wote. Usizime.

Akaacha. Maiti ilikuwa imelala. Mtu wa upanga akapita akijifuta jasho, akatoka. Kivuli cha mtu kikapita. Kisha maiti ikafumbua jicho moja. Bibi akajiinua kwa kiwiko, akatema mchanga, akasimama. Akajipiga matako kufuta vumbi, pu, pu, kama mwanamke yeyote anayetoka kulima. Akavuta ncha ya ile nguo ya kifalme akajifunika kichwa. Akatazama moja kwa moja kwetu, akasema neno, akacheka. Na ukuta ukawa mweupe.

 Wakala akaniuliza kama naumwa.

Bei aliyotaja mzee ilikuwa ya wazimu, nikamkatia nusu, tukakutana katikati, nikakipeleka kipande kwa wataalamu wakaitia picha kwenye simu. Niliporudi nikapakia televisheni yangu kubwa kwenye gari, ile ambayo Konde hakuna mwenye mfano wake, nikamlaza mama kiti cha nyuma kwenye mito, tukaenda Gando kwa mtoto wa baharia. Ilikuwa alasiri. Akatuitikia salamu, akatufungulia ukumbi, akamwekea mama kitanda cha kamba. Mkewe akateremsha pazia.

Nikatia picha.

 Upanga ulipomfika, yule mzee alishika goti lake kwa mikono miwili. Bibi alipoanguka akasema polepole, "Ndivyo. Ndivyo alivyosema baba. Kisima, upanga, ubavu wa kushoto." Na machozi yakamtoka, maana miaka yote hiyo wajanja wa mjini walikuwa wakimwambia baba yake alilewa.

"Ngoja, Ami," nikamwambia.

Bibi akafumbua jicho. Akanyanyuka. Akafuta vumbi, akajifunika kichwa, akatutazama, midomo ikacheza.

"Labeka," mama akaitika.

Akaitika kwa sauti ya msichana aliyeitwa kutoka jikoni. Alikuwa amekaa kitako juu ya kitanda, yeye ambaye kwa miezi alikuwa hainuki bila ya kushikwa. Alimngojea mama yake aseme tena. Lakini picha ilikuwa imekwisha.

Mzee akakohoa. "Tia tena," akasema. Nikatia tena. Mara hii alisogea mpaka pua inakaribia kioo, akamtazama anavyonyanyuka.

"Baba hakukaa mpaka hapa," akasema. "Alikimbia."

Kisha akatuambia jambo ambalo, nadhani, hakupata kumwambia mtu. Enzi za Mwingereza, yeye mtoto, gari la sinema lilikuja Konde, na baba yake akamchukua kwenda kutazama. Walitundika kitambaa cheupe, watu wakaanza kutembea juu yake. Baba yake akasimama katikati ya watu, akazunguka nyuma ya kitambaa. Akakaa huko kidogo. Aliporudi akamshika mtoto mkono, wakatembea kwa miguu kurudi Gando, na njia nzima hakusema ila neno moja: nimemzika mtu yu hai.

"Naye bibi yangu alikuwa hai siku hiyo?" nikamuuliza.

"Alikuwa hai. Akiteka maji kisima chetu."

"Mbona hakumwambia?"

"Kashika msahafu mbele ya watu, wewe. Na mashamba yameshagaiwa. Amwambie nini?" Akamgeukia mama. "Bibi we, baba alikuwa akiogopa macho ya mama yako. Kila akimuona anapita, alikuwa akiona anaanguka."

 Mama alinyoosha mkono, yule mzee akaushika. Naye, nilimuona, aliugeuza akaubana baina ya viganja vyake, kama anayepima joto.

Hitma ilisomwa Gando, Ijumaa baada ya sala, msikiti ule ule. Mzee alikaa safu ya mbele. Imamu alipofika pahala pa kumtaja marehemu akanyamaza, akamtazama yeye, naye akalitaja jina la bibi na la baba yake kwa sauti iliyofika nje tulikopikia. Wajukuu wa wale waliogawana mikarafuu walikula wali, na walikula vizuri. Walituombea dua, wakaniombea na mimi. Nilichinja ng'ombe wawili ingawa mmoja angetosha, nisije nikasemwa.

Mama alirudi Konde. Nikamwekea picha ya bibi kwenye televisheni ya chumbani kwake, nikidhani nimemfurahisha. Akaitazama, bibi akaanguka, mama akafunika uso.

"Usimwangushe tena," akasema. "Kila ukitia, unamwangusha."

Basi nikampelekea simu fundi mmoja wa Chake, nikamwambia akate mwanzo wote, kisima, upanga na kifo, aache pale pa kunyanyuka. Akafanya kazi nzuri. Siku hizi mama anaitazama hiyo tu. Nikipita mlangoni kwake namsikia akiitika, labeka mama, kisha kimya, kisha labeka mama. Siingii.

Na mimi ninayo simuni. Mchana dukani, wateja wakipungua, naifungua. Bibi amelala chini. Anafumbua jicho, anajiinua, anatema mchanga, anajifunika, anatutazama, anasema lile neno, kioo kinakuwa cheupe. Halafu picha inajirudia yenyewe, na bibi yuko chini tena. Hakuna upanga tena mle, fundi aliukata, wala mtu wa kumchoma. Sijui ni nani anayemrudisha chini.

Watu huniuliza, ilikugharimu ngapi? Wengi hudhani natia chumvi, lakini mimi hesabu ya pesa sijapata kuikosea. Nauli za India siweki, nilikwenda kwa ajili ya pampu. Naweka kipande cha picha na kukitia kwenye simu, ng'ombe, mchele, mafuta ya samli, ubani, mafuta ya gari, na elfu thelathini ya fundi wa Chake: shilingi milioni saba, laki mbili, elfu themanini na tatu na mia tano.